Pasi ya Nywele, Masika ya Dar na Moto Usiopimwa

Kila Masika inapoingia, saluni za Dar es Salaam huuza kitu ambacho muuzaji na mnunuzi wote wanajua hakitafika Jumapili. Mwanamke anakaa kwenye kiti saa mbili nzima, anaoshwa, anakaushwa kwa draya, anapitishiwa pasi kipande kwa kipande, anatoka nywele zimelala mabegani zinang'aa. Akivuka barabara kwenda kituo cha mwendokasi, unyevu wa pwani umeshaanza kazi yake. Akishuka Kimara, nywele za kisogoni zimejikunja. Kesho yake asubuhi kichwa kiko katikati, si kipilipili wala si singa. Safari inayofuata anapokaa kwenye kile kiti anamwambia msusi: "Dada, leo ongeza moto."

Hapo pa "ongeza moto" ndipo ninapotaka kusimama. Kama mwanamke mwenye nywele za kipilipili anapaswa kuzinyoosha au asizinyooshe, hilo nimewaachia wenye muda nalo. Kichwa ni chake na hela ni yake. Ninachobisha ni kingine. Katika jiji la pwani, moto mkali haumpi mteja unyoofu unaodumu zaidi. Na ule ulegevu wa nywele unaokuja baada ya pasi nyingi, ambao tunaambiwa ni nywele "kuzoea moto", ni uharibifu unaokwenda taratibu, na mteja anaulipia bila kuambiwa.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya aina kadhaa, na hapa tunahitaji kujua viwili tu. Kuna vifungo vya haidrojeni: ni vingi mno, kila kimoja ni dhaifu, huachia vikikutana na maji au joto, na hushika upya nywele zikikauka na kupoa. Halafu kuna vifungo vya salfa, vigumu zaidi, ambavyo husaidia kuushikilia mkunjo maisha yote ya unywele. Dawa ya kulainisha nywele huvishambulia hivi vya pili, ndiyo maana nywele zilizowekwa dawa hazirudi kipilipili hata ukizilowanisha mara mia. Pasi iliyotumika kwa kiasi hucheza na vifungo vya haidrojeni peke yake. Inaviachisha, inaulaza unywele, unywele unapoa ukiwa umelala, vifungo vinashika katika mkao huo mpya. Vikipata maji, vinaachia tena na mkunjo unarudi nyumbani kwake.

Na maji si lazima yatoke bombani. Unywele hunywa unyevu kutoka hewani. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, unywele hubeba maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake. Hewa ikishiba kabisa, hufika karibu asilimia 30. Aliyeamka mapema Dar es Salaam mwezi Aprili, akakuta shuka linanata mwilini na chumvi imegandamana kwenye kopo, hahitaji kipimo cha mamlaka ya hali ya hewa kumwambia tuko upande gani. Ongeza jasho la kichwani, ambalo kwenye daladala ya kwenda Mbagala halina msimu. Shina la unywele ndilo linalolowa kwanza, kwa hiyo ndilo linalojikunja kwanza, na ndilo ambalo mteja analiona kwenye kioo na kulilalamikia.

Sasa, unywele ulionyooshwa kwa nyuzi joto 170 na ule ulionyooshwa kwa 220 ukiipeleka yote Kigamboni kwa kivuko jioni ya Masika, yote miwili itakutana na maji yale yale, na kifungo cha haidrojeni hakina habari kilishikishwa kwa nyuzi ngapi. Msusi mzuri anaweza kuongeza saa za uhai wa pasi yake kwa kuosha nywele zikatakata, kuzikausha hadi ndani, kupita na vipande vyembamba na kumalizia na mafuta mepesi ya silikoni yanayochelewesha unyevu kuingia. Haya yote ni ufundi. Kuongeza moto hakumo.

Wapo watakaonipinga kwa ushahidi wa kichwani mwao. Kuna mwanamke amepiga pasi miaka miwili mfululizo, na leo akiosha nywele hazirudi kama zamani. Zimelegea, zinaning'inia, chanuo linapita bila vita. Anasema zimekubali. Msusi wake anamsifia. Wale waliomwona zamani wanamuuliza anatumia nini.

Tuulize kilichotokea. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, kwa hiyo hauna namna ya kuzoea wala kufundishika. Keratini ya nywele kavu huporomoka muundo wake kwenye nyuzi joto kati ya 220 na 240, lakini uchakavu unaanza chini ya hapo, na hujilimbikiza kila pasi inapopita. Sehemu iliyoporomoka haijipangi tena hata ukiiosha, kama yai lililoiva lisivyorudi kuwa bichi. Ulegevu ule unaosifiwa ni keratini iliyopoteza uwezo wa kujikunja, na uwezo wa kujikunja na uwezo wa kuvumilia kuvutwa vimo kwenye muundo uleule. Ndiyo maana nywele "zilizokubali" huwa na ncha nyembamba zilizopasuka, hazishiki twisti, na urefu wake hufika mahali ukakwama mwaka baada ya mwaka ilhali kichwa kinaendelea kuotesha.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Osha nywele, usipake chochote, ziache zijikaushe. Kama sehemu ya karibu na ngozi inajikunja vizuri na sehemu ya nje inaning'inia kama haijui inakokwenda, huo mpaka unaouona ndipo moto ulipofikia.

Niseme na upande wa pili, maana katika mjadala huu watu wa nywele asilia huwa wanapenda kuufukia. Nywele za kipilipili zikiachwa zijikunje zinavyotaka nazo hukatika. Unywele wake ni wa bapa kidogo na umepinda mara nyingi kwa urefu mfupi, na kila kona ni mahali pa kuvunjikia. Mafuta ya ngozi hayafiki nchani. Nyuzi hujifunga mafundo zenyewe, na chanuo likipita kwa nguvu asubuhi ya kukimbilia kazini hung'oa zaidi ya pasi nyingi. Mtu aliyetanua nywele zake kidogo kwa draya yenye joto la wastani, akazisuka, akakaa nazo wiki tatu, pengine amezitunza kuliko yule anayejivunia kutogusa moto huku anazipasua kwa chanuo kavu. Kwa hiyo sikubali hukumu ya jumla dhidi ya joto. Ninachodai ni kwamba kutanua na kunyoosha ni kazi mbili tofauti, zenye joto tofauti na gharama tofauti, na saluni zetu huuza ya pili hata kwa aliyekuja kutafuta ya kwanza.

Tupige hesabu kidogo. Vipimo vya nywele za Waafrika vimeonyesha hukua kwa wastani wa takriban sentimita 0.8 kwa mwezi, pungufu kuliko za Wazungu. Unywele wa sentimita 20, unaofika mabegani ukinyooshwa, ncha yake ina zaidi ya miaka miwili. Mwenye kupiga pasi mara mbili kwa mwezi ameipitisha ncha hiyo motoni mara hamsini. Kila mara, msusi hakupita mara moja. Alipita tatu, nne, tano, na pale mbele karibu na uso alirudia mara nyingine kwa sababu ndipo panapoonekana. Ncha hiyo imebanwa kwenye chuma cha moto zaidi ya mara mia mbili kabla mwenyewe hajalalamika kwamba nywele zake "hazikui". Ngozi inaotesha kama kawaida. Kinachoota huku kinakatika kule.

Ukiielewa hesabu hiyo unaona pia kwa nini ushauri wa "punguza moto" pekee hautoshi. Idadi ya kupita ni muhimu kama ukali wa joto. Kupita mara moja polepole kwenye kipande chembamba, kwa nyuzi joto 170 au 180, kunanyoosha kuliko kupita mara tano haraka haraka kwenye kipande kinene. Lakini vipande vyembamba vinakula muda, na Ijumaa jioni pale Sinza wateja watano wamekaa kwenye benchi wanatazama simu. Msusi anayelipwa kwa kichwa, hana mshahara, atachukua kipande kinene na kupandisha moto. Simlaumu yeye kwanza. Namlaumu mwenye saluni aliyeweka bei moja kwa nywele za sentimita tano na za sentimita thelathini.

Lipo na tatizo la kupima kwenyewe. Zunguka maduka ya vifaa vya urembo Kariakoo utaona pasi za kila aina. Nyingine zina namba kwenye kioo kidogo. Nyingine zina gurudumu lenye alama za moja hadi tano bila kusema tano ni nyuzi ngapi. Nyingine zina taa nyekundu tu, imewaka au haijawaka. Hata zile zenye namba, namba hiyo ni ahadi ya kiwanda. Bamba la pasi laweza kuwa na joto tofauti katikati na pembeni. Na kwenye pasi isiyo na kidhibiti cha joto, umeme wenyewe ni sehemu ya hadithi: umeme ukishuka kwa asilimia 10, nguvu ya kupasha moto hushuka karibu asilimia 19, pasi inapoa, msusi anarudia kupita, umeme ukipanda ghafla, kipande kinachofuata ndicho kinachopokea. Wakazi wa Dar tunajua jinsi taa zinavyofifia saa moja usiku. Pasi nayo inafifia, ila hatuioni.

Kipimajoto cha mionzi kinachoweza kusoma nyuzi joto 200 kipo mjini. Mafundi wa viyoyozi na majokofu wanatembea nacho mfukoni. (Vile vya paji la uso vilivyobaki tangu wakati wa korona havifai, vimetengenezwa kwa joto la mwili.) Sijaona saluni yenye nacho. Saluni inayonunua viti vipya, vioo vyenye taa na kiyoyozi cha nguvu inashindwa kununua kifaa cha kupima kitu kimoja inachokitumia kutwa nzima.

Ajabu ni kwamba wakongwe walipima. Chanuo la chuma lililowekwa juu ya jiko la mkaa halikuwa na namba wala taa, kwa hiyo aliyelishika hakuwa na cha kuamini isipokuwa majaribio: analigusisha kwenye kitambaa cheupe au karatasi kwanza, na likiacha alama ya kahawia analipunga hewani hadi lipoe. Kipimo hicho kilikuwa butu, ila kilifanyika kila mara chanuo lilipotoka motoni. Tulipopata umeme tuliikabidhi kazi hiyo kwa taa nyekundu.

Chanuo hilo lina historia ambayo watu huikosea. Wengi husema lilibuniwa na Madam C. J. Walker, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove na kutajirika kwa biashara ya nywele. Walker alilitumia na kulieneza, hakulibuni. Mfaransa Marcel Grateau alishajenga jina Paris kwa kutengeneza mawimbi ya nywele kwa vyuma vya moto katika miaka ya 1870, na machanuo ya moto yaliuzwa Marekani kabla biashara ya Walker haijaanza. Walter Sammons naye alipata hataza ya chanuo lake lililoboreshwa mwaka 1920. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaotaka pasi iwe na asili moja tu, ya mtu mweusi kujikataa, na historia haiwapi. Kifaa kilianza kwa wanawake wa Kizungu waliotaka mawimbi, kikahamia kwa wanawake weusi waliotaka kuajiriwa, kutembea, kupendeza na kuachwa kwa amani, kila mmoja kwa sababu zake.

Mwaka 1968 ni mwaka wa kukumbukwa katika jambo hili, kwa mambo mawili yasiyohusiana. Marekani, madaktari wa ngozi walichapisha maelezo ya ugonjwa wa upara unaoanzia utosini kwa wanawake weusi na kuuita upara wa chanuo la moto. Nadharia yao ilikuwa kwamba mafuta ya mgando yanayopakwa kabla ya kuchoma nywele huyeyuka, hutiririka hadi kwenye kitundu cha unywele na kukiunguza. Nadharia ilivutia. Baadaye walipatikana wagonjwa wengi waliokuwa hawajashika chanuo la moto, ugonjwa ukabadilishwa jina, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wanawake kuna mabadiliko ya jeni iitwayo PADI3 yanayochangia. Hapa Dar es Salaam, Oktoba mwaka huohuo wa 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, wigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. Wanawake walizongwa mitaani kwa ajili ya walichovaa.

Kwa madaktari wale tunajifunza kutenganisha kukatika na kunyonyoka. Joto la pasi hukata unywele ulio nje. Ukiona vipande vifupi vifupi kwenye sinki na ncha zilizopasuka, mshtaki moto. Lakini utosi ukiwa mweupe, unauma au unawasha, na eneo linapanuka, kupumzisha pasi hakutatosha. Huyo aende kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kovu likishaziba kitundu cha unywele hakifunguki tena. Vivyo hivyo nywele za pembeni ya paji la uso zinazorudi nyuma kila mwaka: mara nyingi kinachozing'oa ni rasta nzito na wivingi iliyovutwa hadi macho yanapanda juu. Nawajua wanawake walioacha pasi kwa hofu ya upara wakakimbilia rasta za kubana, wakapoteza nywele ambazo pasi isingezigusa.

Operesheni Vijana inaonyesha namna mjadala wa nywele unavyotekwa na watu wasiojali nywele. Kila kizazi hapa mjini kina askari wake wa kujitolea. Zamani walikuwa wa chama, wakisema wigi ni ukoloni. Leo wako wa namna mbili: bosi wa ofisi ya Posta anayeona nywele zilizotimka ni uchafu, na mwanaharakati wa simuni anayeona nywele zilizonyooka ni utumwa. Wote wawili wanamtaka mwanamke awathibitishie kitu kwa kichwa chake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumuuliza pasi yake ina nyuzi ngapi.

Kwa nini basi pasi imepata wateja wengi sasa hivi? Nadhani ni kwa sababu milango mingine imefungwa kidogo. Dawa imeanza kuogopwa, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 waliripoti kwamba waliotumia bidhaa za kemikali za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ya asilimia 4.05, dhidi ya 1.64 kwa wasiotumia kabisa. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo ulitosha kuwafanya wengi wakate nywele zenye dawa na kuanza upya. Nywele bandia nazo zimeongezewa mzigo: bajeti ya 2019/20, iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo Dkt. Philip Mpango, ilikuja na ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa zinazoagizwa na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mwanamke amebaki na nywele zake mwenyewe, na hajui la kuzifanya.

Hajui kwa sababu hakufundishwa. Msichana wa shule nyingi za serikali ananyolewa au anakatwa nywele fupi tangu darasa la kwanza. Anamaliza kidato cha nne au cha sita akiwa hajawahi kushika nywele zake zikiwa na urefu wa kidole. Hajawahi kuziosha, kuzichambua, kuzipaka mafuta, kuzisuka mabutu ya kulalia. Katika umri ambao angejifunza kwa mama na shangazi, hakuna kilichokuwepo kichwani cha kujifunzia. Nywele zikishaota baada ya mitihani, zinaonekana kama tatizo lililotokea ghafla, na tatizo hupelekwa kwa fundi. Fundi ana pasi. Naelewa sababu za shule, usafi na muda na usawa kati ya mwenye hela ya kusuka na asiye nayo. Lakini matokeo ni vizazi vya wanawake wanaojua kulipia nywele kuliko kuzishika.

Wakati huohuo tulikuwa na njia ya kutanua nywele bila moto hata kidogo, na bado ipo kwa bibi zetu: kusuka kwa uzi mweusi. Nywele zenye unyevu kiasi zinazungushiwa uzi kutoka shinani hadi nchani, zinalala hivyo usiku kucha, na zikifunguliwa zimenyooka kiasi cha kushangaza. Sayansi yake ni ileile ya haidrojeni: nywele zimekauka zikiwa zimevutwa, vifungo vimeshika katika mkao huo. Mabutu makubwa sita yaliyosukwa baada ya kuosha hufanya kazi hiyohiyo kwa uvivu zaidi. Unyevu wa Dar utayarudisha kama unavyoirudisha pasi, lakini kurudia hakuna gharama kwa unywele, mradi uzi haukukazwa hadi kichwa kikauma. Wasichana wa sasa wanaona uzi ni mambo ya shamba. Wangeuona kwenye video ya msusi wa Atlanta wangeulipia.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao nauogopa kuliko pasi yenyewe: yale matibabu ya kunyoosha yanayouzwa kwa jina la keratini, yanayopakwa halafu kufungiwa kwa pasi kali. Baadhi yake yana formaldehaidi au kemikali zinazoitoa zikipashwa moto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka formaldehaidi katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi ule unaowasha macho ndiyo dawa yenyewe inayotoka. Mteja anauvuta mara moja kwa miezi kadhaa. Msusi anauvuta kila siku, katika chumba kilichofungwa madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi. Usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Tumezoea kusikia likikamata krimu zenye zebaki na haidrokwinoni. Chupa za keratini zinastahili jicho lilelile, na pasi zisizo na kidhibiti cha joto nazo ni bidhaa ya umeme ambayo kiwango chake kingeweza kudaiwa inapoingia nchini.

Kabla serikali haijafika, mteja ana nguvu zaidi ya anavyofikiri. Aulize pasi ina namba au haina. Kama haina, aombe draya peke yake. Asikubali kamwe pasi juu ya nywele zenye unyevu: maji huchemka ndani ya unywele, mvuke unatafuta pa kutokea na kuacha mapovu yanayobaki humo kama mahali pa kuvunjikia. Ile sauti ya kuchacharika na mvuke mweupe ambao watu hudhani ni dalili ya pasi kufanya kazi, ndiyo hiyo. Dawa ya kukinga joto ipakwe na kuachwa ikauke, na asidanganywe kwamba inazuia. Inapunguza tu na kuusambaza moto taratibu. Mafuta ya nazi na ya mgando si kinga. Na akisikia harufu ya unyoya uliobabuka, aseme hapohapo, si baada ya kulipa.

Kwa mwenye saluni nina ombi moja la kibiashara. Tenganisha bei. Kutanua kwa draya na mabutu iwe huduma yenye jina na bei yake kwenye ubao, msusi alipwe vizuri kwa muda wake, na pasi iwe bei ya juu zaidi, kwa vipande vyembamba, kupita mara moja. Kuanzia Machi hadi Mei mwambie mteja ukweli kwamba pasi haitamaliza siku mbili, umuuzie ile huduma ya kutanua. Na akija yule anayetaka nywele zilegee moja kwa moja, asirudi tena kipilipili, mfanyie. Ni mtu mzima. Ila mkalishe, mwonyeshe kipande kimoja cha nyuma ya sikio kilichopigwa moto huo kisha kikaoshwa, akishike mwenyewe, halafu umuulize kama aendelee na kichwa kizima.